Mjomba, mume wangu asaini mkataba huu au tungoje sheria mpya?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Killeen, Texas. Kwetu ni Voi, mimi na mume wangu. Yeye alikuja Marekani 2005 kwa bahati nasibu ya viza, akabeba mizigo kwenye ghala Dallas mwaka mzima, halafu akajiunga na jeshi huko huko Dallas. Mimi nilimfuata baadaye. Alitumikia miaka minane. Iraq alikaa Balad 2008, na Afghanistan alikwenda 2011. Alitoka 2014 kwa heshima, bila pensheni kwa kuwa hakufikisha miaka 20. Uraia alikuwa ameshaupata jeshini. Tukabaki hapa hapa karibu na kambi kwa sababu tulikuwa tumeshanunua nyumba.

Mjomba, mume wangu hajawahi kudai chochote. Kila asubuhi namsikia bafuni anakohoa mpaka macho yanatoka machozi. Pua yake imeziba tangu arudi Balad, na daktari wa kazini kwake amempa dawa ya pumu ya kuvuta. Usiku halali chumbani. Analala sebuleni kwenye kochi, taa ikiwaka, uso umeelekea mlango. Fataki za Julai 4 zikianza anajifungia gereji na redio juu. Nikimwambia aende VA, idara ya serikali ya mambo ya maveterani, ananijibu, "Niko sawa, kuna waliopoteza miguu."

Mwezi uliopita kundi letu la WhatsApp lilipata ujumbe kwamba sheria mpya imepita, maveterani wote watalipwa mara mbili, na mwisho wa kujiandikisha ni mwezi huu. Siku chache baadaye akapigiwa simu na kampuni moja. Kijana mwenye sauti ya upole alimwambia wana madaktari wao, watampandisha hadi asilimia 70 ya ulemavu, na halipi senti mpaka ashinde. Akishinda atawalipa mara tano ya fidia yake ya mwezi. Mkataba umeshatumwa kwenye simu. Wanataka asaini kufikia Ijumaa, na wanataka neno lake la siri la VA.gov pamoja na namba yake ya soshali. Wanasema afanye haraka kwa sababu Congress, bunge la Marekani, inakaribia kupitisha sheria ya kuwafungia wao, na baada ya hapo atabaki kwenye foleni za serikali.

Kinachoniuma ni kwamba amefurahi. Kwa mara ya kwanza kuna mtu atakayemfanyia mambo bila yeye kulazimika kueleza alichokiona.

Rafiki yake wa jeshini, Mkongo wa Lubumbashi aliyeko Houston, anasema asisaini, tungoje, kwani kuna sheria nzuri zaidi zinakuja. Yeye mwenyewe anangoja sheria ya kuwapa uraia maveterani, maana mpaka leo ana kadi ya kijani tu. Na kanisani nimesikia Texas nayo imepiga kura juzi kuhusu nyumba za maveterani.

Mjomba, nishike lipi?

Mama Rehema, Killeen

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Ijumaa asisaini. Na msingoje sheria yoyote. Madai yake apeleke kwa sheria zilizopo leo, na leo hii hii aweke tarehe yake VA kwa simu. Sasa kaa nikueleze sababu, maana mume wako ameelezwa mambo matatu tofauti na watu watatu tofauti, na kila moja lina punje ya ukweli iliyoviringishwa kwenye uongo au matumaini.

Nianze na kampuni. Kwa sheria ya taifa ya Marekani, hakuna anayeruhusiwa kumwandalia veterani madai yake ya fidia kama hana kibali cha VA. Hata mwenye kibali, awe wakili au wakala, haruhusiwi kutoza chochote kwa madai ya mara ya kwanza. Anaweza kutoza baada ya VA kutoa uamuzi na veterani kutaka kuupinga, na hapo ada ya asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya haki. Mume wako hajawahi kudai. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka pesa kwa kumwandalia haya madai ya kwanza anavunja sheria.

Utauliza, mbona wanatangaza hadharani? Kwa sababu mwaka 2006 Congress iliondoa adhabu ya jinai kwa kosa hilo. Katazo likabaki, meno yakang'olewa. VA inaweza kuwaandikia barua ya kuwaonya, nao wanaiweka kwenye droo. Wamarekani wamewapa jina la papa, na sisi wa pwani tunajua papa hufuata damu.

Angalia hesabu yenyewe. Kiwango cha 2025 cha asilimia 70 kwa veterani asiye na wategemezi ni dola 1,759.19 kwa mwezi. Mara tano ni dola 8,795.95. Mume wako ana mke na watoto, kiwango chake kingekuwa juu zaidi, na bili nayo ingepanda. Hizo ni pesa za kujaza fomu ambazo afisa wa maveterani wa kaunti yenu angezijaza bure.

Neno la siri msimpe mtu. Namba ya soshali vilevile. Imeripotiwa kwamba baadhi ya makampuni haya hutumia kompyuta kupiga simu ya VA kwa kutumia namba ya veterani, kuchungulia kama fidia imepanda, ili bili imfikie kabla hata hajaisoma barua yake. Kama tayari amewapa kitu, abadilishe neno la siri usiku huu na atoe taarifa kwenye VSAFE.gov, ukurasa wa serikali wa kuripoti ulaghai dhidi ya maveterani.

Sasa ile sheria ya "kuwafungia". Ipo kweli, kama mswada. Unaitwa GUARD, na kazi yake ni kurudisha ile adhabu iliyoondolewa 2006. Kuna mswada mwingine, CHOICE, uliowasilishwa 2025, unaoelekea upande wa pili kabisa: unataka makampuni yasiyo na kibali cha leo yaruhusiwe kutoza, ila kwa kikomo. Yote miwili iko Congress na kila upande una watetezi wake. Majimbo mengine yamechoka kungoja. New Jersey ilipiga marufuku biashara hii 2023, Maine ikafuata 2024. Louisiana mwaka huo huo wa 2024 ikaenda kinyume, ikairuhusu kwa kikomo cha dola 12,500. Kwa hiyo mtu akikuambia "ndugu yangu Louisiana alilipa na ni halali," usibishane naye, jimbo lake lina sheria yake, ingawa katazo la taifa liko pale pale.

Lakini tazama jinsi yule kijana alivyoigeuza hoja. Anamharakisha mume wako aiwahi sheria ambayo ikipita itamlinda mume wako. Atakayepoteza ni kampuni. Msaada wa bure wa kaunti, na wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion, ulikuwepo kabla ya mswada huo na utakuwepo baada yake. Hiyo "foleni za serikali" ni foleni ile ile moja: madai ya kampuni nayo yanaingia VA kupitia mlango huo huo, yanasomwa na watu wale wale. Hawana njia ya mkato.

Nije kwenye ujumbe wa WhatsApp, ule wa kulipwa mara mbili. Nadhani umetoka kwenye mswada uitwao Richard Star, kwa jina la meja wa jeshi aliyefariki 2021 kwa saratani ya mapafu. Unahusu askari waliostaafishwa kwa sababu ya majeraha ya vita kabla ya kufikisha miaka 20. Leo watu hao wana pensheni ya jeshi na wana fidia ya VA, lakini kila dola ya VA inakatwa kwenye pensheni. Mswada unataka wapate zote mbili kamili. Ni zaidi ya maveterani 50,000, na mimi naamini wanadhulumiwa. Zaidi ya wabunge 300 wameuunga mkono mswada huo na bado haujawa sheria, kwa sababu unagharimu pesa nyingi na kila mwaka unaangukia kwenye mvutano wa bajeti ya ulinzi.

Mume wako hana pensheni. Ukipita kesho, hautamwongezea hata dola moja. Nasema hivi ili apumue, asikae akihesabu pesa zisizo zake. Nyongeza itakayomgusa ni ile ya kupanda kwa gharama za maisha, asilimia 2.8 kuanzia Desemba 2025. Hiyo humfuata kila anayelipwa fidia, na asiyelipwa haimfuati.

Na ile "mwisho wa kujiandikisha"? Sheria ya PACT ya 2022, ile ya askari waliovuta moshi wa sumu, haina mwisho wa kudai. Ilikuwa na kikomo kimoja tu, cha Agosti 2023, na aliyewahi kabla yake alilipwa malimbikizo ya kuanzia Agosti 2022. Tarehe hiyo imepita, ujumbe wake bado unazunguka.

Ukitaka kujua habari ya mswada wowote, nenda congress.gov, andika jina au namba yake, utaona umefika wapi. Namba za HR zimeanzia Baraza la Wawakilishi, za S zimeanzia Seneti. Kama hakuna maneno yanayosema umekuwa sheria, basi si sheria, hata kama mbunge amepiga picha akiwa ameushika. Katika kila Congress ya miaka miwili miswada inayowasilishwa inazidi 10,000, na inayofika kwenye meza ya Rais ni mia chache. Congress hii ya 119 inaisha Januari 3, 2027. Mswada ambao haujapita siku hiyo unakufa, na mtu lazima auwasilishe upya kwa namba mpya.

Ndiyo maana simkubali rafiki yenu wa Houston anaposema mngoje. VA hulipa kuanzia tarehe uliyodai, haihesabu tangu ulipoumia. Mwenye kudai ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini hulipwa kuanzia siku inayofuata ile aliyotoka. Mume wako alitoka 2014. Mimi mwenyewe nilitoka 2009 nikakaa miaka saba nikisema niko sawa, magoti yakiniuma kila ngazi, nikidhani kudai ni kuomba. Miaka saba hiyo hakuna anayenirudishia. Kila mwezi mtakaongoja ni mwezi uliokwenda. Na sheria mpya ikija ikawa nzuri, itamkuta tayari ana faili, ana madaktari, ana tarehe.

Tarehe hiyo inawekwa hivi. Anapiga 1-800-827-1000, anasema anataka kuweka nia ya kudai. Dakika chache. Au anaanza fomu kwenye VA.gov na nia inajiandika yenyewe. Akishafanya hivyo ana mwaka mzima wa kukusanya vyeti, na akikamilisha ndani ya mwaka huo fidia itahesabiwa tangu siku ya simu. Kesho akibadilisha mawazo, hajapoteza kitu.

Halafu ofisi ya maveterani ya kaunti. Texas inalazimisha kila kaunti yenye watu zaidi ya 200,000 kuwa na ofisi hiyo, na Bell, kaunti yenu, ni mojawapo. Mkiingia, ulizeni kama anayewahudumia ana kibali cha VA. Ni swali la kawaida, hatakasirika. Bebeni DD-214 (cheti chake cha kutoka jeshini), cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi za yule daktari aliyempa dawa ya pumu.

Hapo PACT ndipo inapomfaa. Balad palikuwa na shimo la kuchomea taka ambalo kila aliyepita pale analikumbuka: plastiki, betri, rangi, taka za hospitali, vyote kwenye moto mmoja, na moshi ukitambaa juu ya mahema. Zamani askari alitakiwa athibitishe kwamba moshi ule hasa ndio uliomharibu mapafu. Nani ataweza? Leo, kwa aliyekuwa Iraq au Afghanistan, sheria inachukulia moja kwa moja kwamba pumu iliyogunduliwa baada ya jeshi, ugonjwa sugu wa sainasi, mafua sugu ya pua na saratani kadhaa vimetoka huko. Januari 2025 VA iliongeza hata saratani za damu na za kibofu. Mume wako anahitaji kuonyesha kwamba alikuwa Balad na kwamba daktari ameugundua ugonjwa. Daktari wa kampuni hamletei chochote hapo.

Jambo la usingizi na fataki ni gumu zaidi, na nimelifikiria kwa siku mbili kabla ya kukujibu.

Wewe umeliona lenyewe: anafurahia kutolazimika kueleza. Kampuni inamuuzia ukimya, na ukimya ndio umemkalia kooni tangu 2008. Lakini hata akisaini, VA itampangia daktari wa kumchunguza, na mbele ya daktari huyo atakuwa peke yake. Hapo ndipo wanaume wetu wanapojiangusha. Daktari anamuuliza, "Habari za leo?" naye anajibu, "Nzuri, nashukuru." Anaulizwa analalaje, anasema, "Kawaida." Tumelelewa hivyo, mgonjwa anayeulizwa hali husema hajambo kwanza, hata kama amelazwa. Daktari wa Marekani hajui kwamba "sijambo" ni salamu. Anaandika: hana tatizo. Nimekaa na wenzetu wengi mezani wakiwa na barua ya VA mkononi, wamenyimwa, na ukiwauliza walisema nini kwa daktari, walisema hawajambo.

Mwambie asieleze siku yake nzuri. Aeleze mbaya. Kama mara tatu kwa wiki hulala saa mbili, aseme hivyo. Kama aliacha kazi kwa sababu ya mashine inayogonga, aseme. Hasemi uongo, na hatakiwi kuongeza chumvi. Atoe tu kile anachokificha. Na tangu 2010 VA haimlazimishi kuleta hati ya tukio moja la vita. Kama hofu yake inatokana na mashambulizi ya adui, inalingana na mahali alipokuwa, na mtaalamu wa VA ameithibitisha, inatosha.

Na wewe, Mama Rehema, una kazi yako. VA inapokea maelezo ya watu wanaoishi na veterani, kwa fomu namba 21-10210. Andika ulichokiona kwa macho yako. Kochi, taa, uso kuelekea mlango. Kikohozi cha asubuhi. Gereji na redio ya Julai 4. Tangu lini, mara ngapi kwa wiki, watoto wanafanyaje. Usiandike "ana PTSD," yaani ugonjwa wa kiwewe cha vita, hiyo ni kazi ya daktari. Barua uliyoniandikia mimi, nusu yake ni ushahidi tayari. Na ikiwa wewe umeshaandika, yeye atakuta sehemu ya mzigo imeshasemwa na mtu anayempenda.

Kabla ya madai hata hivyo kuna mtu mwenyewe. Vet Center haidai mtu awe amesajiliwa VA, haimtozi, na inawapokea wake na watoto pia. Iko moja upande wenu wa Harker Heights. Wengi wa wanaohudumu kwenye vituo hivi waliwahi kuvaa magwanda, na mume wako hatalazimika kuanza na alifabeti. Na usiku ukiwa mbaya kupita kawaida, 988 halafu bonyeza 1. Weka namba hiyo kwenye simu yako, usimwachie yeye tu.

Texas sasa. Ulichosikia kanisani ni kweli. Novemba 4, 2025 wapiga kura walikubali pendekezo namba 7, linaloruhusu mjane wa veterani aliyefariki kwa ugonjwa ambao sheria ya taifa inauhesabu kuwa umetoka jeshini kusamehewa kodi ya nyumba anayoishi, hata kama marehemu hakufikia asilimia 100. Mungu apishe mbali, lakini wewe ni mke wa mtu wa Balad, ujue haki hii ipo. Akiwa hai, asilimia yake ndiyo inayoamua. Mwenye asilimia 100 halipi kodi yoyote ya nyumba anayoishi. Mwenye 70 hadi 99 hupunguziwa dola 12,000 kwenye thamani inayotozwa kodi. Msamaha hauji wenyewe. Mnaomba kwenye ofisi ya kaunti inayokadiria nyumba, mkiwa na barua ya VA.

Rehema ana miaka mingapi? Muulize baba yake kuhusu Hazlewood, sheria ya Texas ya karo za maveterani. Kwa kuwa alijiunga akiwa Dallas na akatoka kwa heshima, ana haki ya hadi saa 150 za masomo bila karo kwenye vyuo vya umma vya Texas, na saa ambazo hakuzitumia anaweza kumpa mtoto mwenye miaka 25 au chini ya hapo. Inaendana na posho yake ya masomo ya taifa kwa masharti, hivyo iulizeni ofisi ya chuo iwaeleze. Hii ndiyo sheria ya jimbo ninayoichunga kuliko zote, kwa sababu vyuo vinabeba gharama na wanasiasa wamewahi kutaka kuipunguza. Bunge la Texas hukutana mara moja kila miaka miwili, katika mwaka wa namba witiri, siku 140 tu. Litafunguliwa tena Januari 12, 2027. Miswada yake itaanza kupokelewa Novemba 2026, baada ya uchaguzi. Wakati huo wapigieni mbunge na seneta wenu wa jimbo, si wa Washington. Simu ya mzazi wa Killeen mwenye mtoto chuoni inasikika Austin kuliko unavyofikiri.

Mwisho, rafiki yenu Mkongo. Mpeni salamu zangu, na mwambieni kitu hiki kwa upole, kwa sababu kinauma. Mswada anaoungoja, wa kuwarahisishia uraia askari wahamiaji na kuwaruhusu waliofukuzwa nchini kurudi, ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2022 ukafia Seneti. Lakini yeye hauhitaji. Sheria ya uraia iliyopo inampa haki aliyetumikia jeshi kwa heshima katika kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001, na kipindi hicho hakijafungwa. Anaweza kuomba hata baada ya kutoka, kwa fomu N-400 pamoja na DD-214 yake, na haombwi ada. Ameishi miaka yote hii na kadi mfukoni akingoja mlango ufunguliwe, na mlango haukuwa na kufuli.

Kama aliwahi kukamatwa na polisi, hata kwa kosa analoliona dogo, aone wakili wa uhamiaji kwanza kabla ya kupeleka karatasi. Wapo maveterani wa nchi hii waliofukuzwa kwa sababu walidhani sare ilikuwa uraia. Jeshi hili lilifika hadi kutafuta watu wa lugha yetu, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya mpango wa MAVNI wa kuandikisha wahamiaji, mpaka uliposimamishwa 2016. Walitutaka tulipowafaa. Sasa na sisi tuzitumie haki tulizozitolea jasho.

Mpwa wangu, Ijumaa ile ile aliyopangiwa kusaini, mwombe akuendeshe hadi ofisi ya kaunti. Usimwambie ni kwa ajili yake. Mwambie unataka kuuliza habari za karo ya Rehema, na hilo ni kweli. Beba DD-214 kwenye mkoba. Mkishaketi mbele ya yule afisa, mwache yeye aanze kusema. Akinyamaza, mkabidhi afisa maelezo yako uliyoyaandika, na umshike mkono mumeo wakati yanasomwa.

Nitangoja kusikia Ijumaa ilivyokwenda.

Mjomba